Saa za Kusubiri Kerege

Kazi ya udereva wa ofisi ni kusubiri. Watu hudhani ni kuendesha, lakini kutoka Bagamoyo mjini hadi Kerege si safari ya kumchosha mtu. Kazi yenyewe huanza mkuu wako akishashuka na kuingia kikaoni, nawe ukabaki na gari na saa tatu au nne ambazo hazina mwenyewe. Madereva wenzangu walizimaliza kwa drafti, vizibo vya soda juu ya kipande cha mbao. Mimi nilikaa ndani ya gari na kuogopa.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane na sikujua kusoma.

Shule niliiacha darasa la pili, kwetu Miono, baba alipopooza upande mmoja na shamba likahitaji mtu wa kufukuza nyani. Udereva niliupata kwa kuwa tingo, msaidizi wa dereva wa lori. Alama za barabarani nilizikariri kwa sura, kama mtu anavyozijua nyuso za majirani. Tarakimu nilizijua. Kwenye kitabu cha safari nilijaza kilomita, kisha nikalichora jina la mahali kwa kuliangalia kwenye kurasa za nyuma. Tukienda mahali papya, nilisema kalamu imekauka, nikamwomba mwingine aniandikie. Mke wangu akinitumia ujumbe, nilimpigia simu: "Nipo barabarani, niambie kwa mdomo." Tuna miaka kumi na moja ya ndoa.

Siku moja ofisini tukatangaziwa kwamba kuanzia mwaka ujao kila dereva atakuwa anaandika mwenyewe maelezo ya safari yake, kwa mkono wake. Wenzangu walinung'unika kidogo, wakasahau. Mimi nilianza kuhesabu miezi.

Hapo Kerege, karibu na ofisi tulikokuwa tunawapeleka wakuu wetu karibu kila siku, palikuwa na mama lishe mtu mzima, mjane, tuliyekula kwake mchana. Wateja wakipungua huvaa miwani yake na kusoma gazeti la jana. Mchana mmoja miwani ilikuwa imevunjika mkono, akaninyooshea gazeti.

"Hebu nisomee hapa, baba. Habari ya mbegu."

Niliishika ile karatasi. Wenzangu wawili walikuwa bado wanakula.

"Kichwa kinaniuma, mama. Kinanigonga."

Alilichukua gazeti lake, akalikunja. Wenzangu walipoondoka, akaja kukaa mbele yangu na kitambaa cha kufutia meza mkononi.

"Mwanangu, hicho kichwa kinakuuma tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo wa kila namna, nimeutunza miaka mingi. Lakini aliuliza kwa sauti ya chini sana, nikajikuta nasema, "Tangu darasa la pili."

"Chuo cha Kurani ulisoma?"

"Juzuu Amma nilihitimu."

"Basi herufi haziwezi kukushinda. Zile zinatoka kulia, hizi zinatoka kushoto. Mimi mwenyewe nilijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, nina watoto wanne." Akainuka. "Kesho ukija, usikae garini."

Ndivyo nilivyoanza. Nilikaa nyuma ya jiko, uso ukielekea uani, daftari juu ya paja, simu karibu na sikio mkuu asije akapiga nisisikie. Yeye alikuwa anamenya vitunguu huku ananitamkisha silabi. Nilidhani nitafurahi, lakini siku za mwanzo zilikuwa za mateso. Nikisikia hatua nyuma yangu, nililisukuma daftari chini ya kanga zake zilizokunjwa kando. Wenzangu wakaanza kunitania kwamba nimefuata ukoko wa pilau. Nilicheka nao.

Kisha dereva mmoja akaja ghafla kuomba maji ya kunawa, akaliona daftari. Nilisema namwandikia mama vitu vya sokoni. Akaitikia, akaenda zake. Lakini mimi sikurudi jikoni wiki nzima. Nilikaa garini nimefunga vioo, joto likinipika, najiambia kwamba mtu mzima hafundishiki. Siku ya nane mama yule akaja mwenyewe akagonga kioo.

"Umekasirika na mimi?"

"Hapana, mama."

"Basi shuka. Tulifika kwenye neno 'ng'ombe'."

Nikashuka.

Mvua zilipoanza, nilikuwa nasoma sentensi nzima kwa kidole, polepole, kama mtu anayevuka tope. Ni wakati huo nilipopata ajali. Nilikuwa peke yangu, naelekea Miono kumchukua mkuu. Barabara ilikuwa imekatikakatika, sikuweza kukimbia hata ningetaka. Bodaboda yenye magunia mawili ilitoka kwenye njia ya shambani bila kuangalia, ikajibamiza ubavuni mwa gari. Kijana aliyeiendesha alivunjika mkono. Nilimpeleka hospitali, nikatoa taarifa ofisini kwa mdomo, nikarudi nyumbani.

Siku ya tatu niliitwa ofisini. Karani alikuwa amekwisha kuchapa maelezo yangu. Akaniwekea kalamu juu.

"Tia sahihi hapo chini."

Miaka yote nilikuwa nimetia sahihi pale nilipoonyeshwa. Mkono ulianza kwenda wenyewe. Nikauzuia.

"Nitasoma kwanza."

Alinitazama, akatazama saa. Nikaweka kidole kwenye neno la kwanza. Midomo ilikuwa inacheza, najua, na masikio yalikuwa yanawaka. Alijikohoza mara mbili. Mstari wa nne nikafika mahali palipoandikwa kwamba dereva alikuwa katika mwendo wa kasi. Nikarudia. Nikaogopa kwamba nimekosea kusoma, nikarudia tena.

"Hapa si kweli," nikasema. "Sikuwa na kasi."

"Ndivyo nilivyoelewa simulizi yako."

Mkuu alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Akaichukua ile karatasi, akaisoma, akaiweka pembeni, akanipa nyingine nyeupe.

"Andika mwenyewe ilivyokuwa."

Hilo nililiogopa kuliko ajali. Nilikaa kwenye kona ya ofisi karibu saa nzima. Nikaandika mistari sita, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, neno "bodaboda" nimelikata mara tatu. Mkuu alisoma bila kuinua uso, akasahihisha neno moja, akaniambia nitie sahihi. Baadaye yule kijana naye, mkono ukiwa umefungwa, alieleza kwamba aliingia barabarani bila kuangalia. Nikabaki na kazi yangu.

Jioni ile nilimweleza mke wangu yote. Akaniuliza kwa nini nililibeba hilo peke yangu.

Hofu haikuisha, ilihama tu. Sasa nawaza karatasi zote nilizokwisha kuzitia sahihi nisijue zimesema nini. Niliomba nakala ya mkataba wangu wa kazi, nikaenda nao Kerege. Mkuu akiwa kikaoni, nilisoma ukurasa wa kwanza kwa siku tatu, vidole vikiloa jasho kila nikianza mstari mpya.

"Umeona nini?" mama akauliza, anachochea mkaa.

"Baya sijaliona bado."

"Haya, fungua wa pili."