Nyanya Alipokataa Salamu

Ukipita soko la Lodwar upande wanakouza tumbaku, harufu inakupokea kabla hujawaona wauzaji wenyewe. Ni harufu kali, ina magadi ndani yake, na ukiivuta vibaya unapiga chafya mpaka machozi yanakutoka. Wenzangu huziba pua. Mimi husimama. Hata kama nimefuata vitunguu na niko mbioni, namwona mama yangu ameketi juu ya gunia, miguu ameinyoosha, mafungu ya tumbaku mbele yake. Baada ya mama namwona nyanya, na baada ya nyanya naiona ile siku ambayo mama alikufa akarudi.

Msinicheke. Najua mtu akisema hivi watu hutazamana. Nawaeleza niliyoyaona nikiwa darasa la nne, na mengine aliyonisimulia mama kwa kinywa chake, nanyi mtaamini mnavyotaka.

Lazima nianze na nyanya, mama yake mama. Aliishi Lokiriama, kule mpakani na Uganda, na mbuzi wake. Kwake salamu haikuwa maneno ya kupita. Ukifika ukasema "Ejok," naye akakuitikia "Ejok noi," basi umeshakuwa mtu wa boma lile. Unatandikiwa ngozi, unaletewa maziwa, mnagawiana tumbaku kiganja kwa kiganja, na siku hiyo huondoki hata useme umeacha mgonjwa nyumbani. Lakini mtu ambaye nyanya hakumtaka, hakumfukuza wala hakumtukana. Hakumwitikia tu. Nilimwona kwa macho yangu jamaa mmoja aliyekuja kumposa mama mdogo, ameoga, amejipaka mafuta mpaka shingoni. Akasalimu. Nyanya akaendelea kukwangua ngozi yake ya mbuzi. Akasalimu tena. Kwaru, kwaru, kwaru. Yule bwana alisimama juani mpaka mafuta yakaanza kumtiririka, kisha akageuka akaenda zake, na hatukumwona tena.

Nyanya alifariki mwaka 2012, wakati mvua zimekata barabara. Mama alikuwa Kakuma na tumbaku yake, habari ikamfikia imechelewa, na alipofika Lokiriama alikuta mawe yameshapangwa juu ya kaburi. Hakulia mbele yetu. Ila tangu hapo, kila alipofungua gunia jipya alimtengea nyanya fungu moja, akaliweka pembeni, na mteja akiligusa alipigwa kofi la mkono.

Mwisho wa mwaka huo malaria ikamshika. Alianza kutetemeka akiwa sokoni, na kesho yake hakumjua mtu. Adhuhuri, tukisubiri gari la kumpeleka hospitali, pumzi ikakatika. Jirani yetu aliweka kiganja puani mwake, akaweka sikio kifuani, akavuta shuka akamfunika uso. Hakuna aliyenigeukia kuniambia neno. Nilisikia tu mama mdogo akipiga ukunga nje. Mimi nilikuwa nimeushika mguu wa mama, na mguu ulikuwa baridi, katika joto lile la Lodwar ambalo mabati yenyewe hulia. Niliogopa kuuachilia. Nilijiambia nikiuachilia tu, basi.

Macho yangu yalikuwa kwenye shuka, pale mdomoni. Likabonyea kidogo. Nikadhani ni upepo, lakini watu walikuwa wamejaa mlangoni na hapakuwa na upepo wowote. Likabonyea tena. Nilipiga kelele ambayo mpaka leo majirani wananitania nayo, na wanawake wawili wazito wakakimbia wakiacha kandambili zao ndani.

Hospitali walimtundikia maji, wakamchoma sindano, homa ikashuka. Daktari akasema amepona, mrudisheni nyumbani, ale vizuri. Taabu yenyewe ilianza hapo, kwa sababu mama hakula. Alilala ameuelekea ukuta. Mama mdogo alipombembeleza kwa uji akakataa, tukadhani bado ni ugonjwa, mpaka siku moja akatuambia.

"Nilifika kwa mama," alisema. "Boma lake lile lile, ila lina majani na mbuzi wamenona. Joto hakuna. Nikasikia harufu ya tumbaku, nikajua yuko. Nikamkuta anakwangua ngozi. Mkononi nilikuwa na lile fungu lake. Nikasema, Ejok. Hakuniitikia. Nikasalimu tena, nikamnyooshea tumbaku. Akaendelea kukwangua. Hakuniangalia hata."

Halafu akalia, kilio cha mtoto mdogo, na mimi nilipata hofu kubwa kuliko ile ya siku ya shuka.

Mchungaji akaja, akasema kwa upole kwamba ile ilikuwa homa tu, wafu wamelala wanangoja parapanda, hawakwangui ngozi. Mjomba wangu, kaka yake mama, akaja kutoka Kakuma alikokuwa akiishi. Yeye alisema marehemu amekasirika kwa sababu mama hakuwepo kwenye mazishi, achinjiwe mbuzi, apelekewe tumbaku kaburini. Mama akawasikiliza wote wawili.

"Tumbaku nilimpelekea mkononi," akasema. "Hakuipokea. Ya kaburini ataipokea vipi?"

Mama alikuwa ameshaamua mambo yake: kule ng'ambo hana nyumba, mama yake amemkataa kama yule jamaa wa mafuta, na hatatulia mpaka arudi huko akaombe msamaha. Aliyasema haya bila kujificha, kama mtu anayepanga safari ya Kitale. Aliendelea kukonda. Akampa mama mdogo shanga zake. Akamgawia jirani sufuria. Kisha asubuhi moja akafua nguo zangu zote, akazikunja kwenye mfuko, akaniambia tunakwenda Kakuma kwa mjomba.

"Tutakaa siku ngapi?" nikamuuliza.

"Wewe utakaa."

Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga. Tukapanda gari. Mwaka 2013 ulikuwa umeingia, uchaguzi ulikaribia, na kila ukuta tulioupita ulikuwa na sura ya mgombea anayetabasamu. Niliwachukia wote. Nilikuwa nimeushika upindo wa shuka la mama, nikaufunga kwenye kidole changu mpaka kidole kikafa ganzi, ili akishuka bila mimi nijue.

Kabla ya kwenda kwa mjomba, mama alitaka kupita kambi ya wakimbizi kwa rafiki yake wa biashara, Mama Deng. Huyu alikuwa Mdinka wa Sudan Kusini, mrefu wa kugusa mwamba wa mlango, aliyeuza sukari na majani ya chai katika kibanda cha mabati karibu na kanisa lao. Mama alimbebea tumbaku yote iliyobaki. Akasimama nje, akainua mfuko, akasema hakai, amekuja kuaga tu.

Mama Deng hakumsikia. Au alijifanya hakumsikia.

"Mama Akiru! Wewe iko? Salaam taki! Habari ya Lodwar? Habari ya nyumba? Habari ya jua ya huko? Habari ya mtoto? Mtoto huyu amekuwa mkubwa! Habari ya mguu?"

Alikuwa amemshika mama mkono kwa mikono yake yote miwili, na kila habari alimvuta hatua moja ndani. Ukiulizwa utaacha kujibu? Mama alijibu, nzuri, nzuri, nzuri, huku machozi yakimlenga, na alipomaliza kujibu alijikuta juu ya kiti. Maji ya kunawa yakaja. Chai ikaja, nyeusi, sukari imejaa mpaka kijiko kinasita.

Mama alishika kikombe lakini hakunywa. Akaeleza yote: boma, harufu, ngozi, salamu iliyokataliwa. Nilikuwa nimekaa chini nikitazama kile kikombe, nikimwomba Mungu anywe, hata funda moja tu.

Mama Deng akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, na mimi nikamchukia zaidi ya wagombea wote.

"Mama yako mjanja, wallahi," akasema. "Saa hii mimi nimesalimia wewe. Unaweza toka?"

Mama akatazama mlango. Akatazama mkono wake, uliokuwa bado umeshikwa.

"Yeye angesalimia wewe kule," Mama Deng akaendelea, sasa bila kicheko, "leo huyu mtoto angekuja hapa na nani?"

Mama akanigeukia mimi, pale chini. Nje mtu alikuwa anapigilia bati, ta, ta, ta. Kisha mama akainamisha kichwa, akanywa ile chai yote mpaka chini, akaomba nyingine. Hatukwenda kwa mjomba siku hiyo. Tulilala kwa Mama Deng, na tuliporudi Lodwar mfuko wa nguo zangu ulirudi nasi. Shanga zake mama alizidai siku hiyo hiyo, na mama mdogo alizirudisha kwa kununa.

Mimi niliamini ni sukari. Kwa miaka mingi, mtu akiugua nyumbani kwetu nilikuwa namkorogea chai ya kumkaba koo, na mgonjwa akikunja uso namwambia kunywa, ndiyo iliyomponya mama. Maneno ya Mama Deng niliyasikia, ila niliyasikia kama mtoto anavyosikia mazungumzo ya wakubwa, masikio yapo na akili iko kwenye kikombe. Nilikuja kuyaelewa nilipokuwa na binti yangu mwenyewe. Niliwaza, huyu akinijia kule kabla ya wakati wake, nitafanya nini? Nikaona ngozi mkononi mwangu, nikaona jinsi nitakavyoikwangua nimeinamisha uso, nisije nikamtazama nikashindwa. Hapo nikamlilia nyanya, niliyekuwa nimemkasirikia tangu utotoni.

Ninakwenda kanisani na sibishani na mchungaji kuhusu parapanda. Lakini naamini lile boma lipo.

Mama aliugua tena mwaka juzi, na safari hii hakukataa chakula wala dawa. Mwili tu ulichoka. Ilikuwa mchana, tuko naye chumbani, mimi na mjomba, tumekaa kimya kwa sababu tulidhani amelala. Akafumbua macho, akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akatabasamu, akaunyoosha mkono, kiganja wazi, kama anavyofanya anayetoa tumbaku.

"Ejok noi," akasema, sauti safi kabisa.

Mjomba akaniangalia mimi, nami nikamwangalia yeye. Hakuna kati yetu aliyekuwa amemsalimu.