Managu Nyuma ya Kichaka

Majina ya watu wote niliopita nao maishani ninayo kichwani, hata ya wale tuliosoma nao darasa la pili, nilikoishia. La huyu rafiki yangu sitaliandika. Tuliitana Jirani, kwa sababu mashamba yetu kule nyumbani yalipakana, na miaka thelathini tulilima tukipiga soga juu ya mpaka.

Alipopata viza, nilimpokea huku ng'ambo, hapa Hyattsville, ninakoishi na binti yangu ambaye ni muuguzi. Alikuja mwezi wa tano, akae hadi wa tisa. Kwenye simu nilikuwa nimemwambia, "Njoo uone nyumba ya mwanangu na maua yake." Sikumwambia kwamba ni ya kupanga, tena ghorofa ya pili, na maua si yetu. Alipoona jengo lote lile, akadhani ni letu. Nikamwacha adhani.

Siku ya tatu akaniuliza, "Jirani, nimekula nimeshiba. Jembe liko wapi?"

"Jembe la nini? Kaa utazame televisheni."

"Nitazame mpaka niote mizizi?"

Jumamosi binti yangu akatupitisha Beltsville, kando ya mashamba ya serikali wanakochunguza mimea. Jirani alicheka mpaka akajifuta machozi. "Ardhi yote hii, na wewe unanunua mboga zimefungwa nailoni kama dawa!" Kesho yake nikamkuta nyuma ya jengo amepiga magoti kwenye maua, analima kwa kijiko changu cha kupakulia. Mbegu za managu, ile mboga yetu chungu ya nyumbani, alikuja nazo zimefungwa kwenye pindo la leso. Hapo ningesema ukweli. Nilichosema ni, "Basi panda nyuma ya kichaka, yasionekane sana."

Yakaota, yakanawiri. Asubuhi alikuwa akiyasalimu kabla hajanisalimu mimi. "Jumapili hii tunachuma," akaniambia.

Ijumaa tukakuta barua mlangoni kutoka ofisi ya nyumba. Binti yangu akanisomea: mimea iliyopandwa bila ruhusa itolewe kabla ya Jumatatu.

"Mama, mwambie tu. Ataelewa."

Nimwambie nini? Kwamba nimevuka bahari kuja kukosa hata shibiri ya udongo? Jumamosi Jirani alipoingia kuoga, nikashuka mbio, nikang'oa yote, nikayatia kwenye mfuko mweusi, nikautupa kwenye pipa kubwa la taka.

Alipomaliza kuoga akaenda kuyatazama, kama kawaida yake. Akarudi.

"Nani ameyang'oa?"

"Wale wanaokata nyasi."

Alitazama vidole vyangu. Managu yana rangi, kijani inayokaribia weusi, na sabuni haiitoi siku hiyo. Mimi na yeye tumekuwa na vidole hivyo tangu ujana wetu.

"Hata kuyapika hukuyapika," akasema. "Kumbe nakutia aibu hivyo?"

Aibu ilikuwa yangu, si yake. Ningemwambia hivyo tu. Nikamwambia chai inapoa.

Baada ya wiki mbili akasema anarudi, mahindi yake hayana mtu. Kwenye uwanja wa ndege akanishika mkono. "Asante kwa kunikaribisha, dada." Dada, kama mtu mliyekutana naye kanisani.

Mwaka uliofuata managu machache yakaota yenyewe nyuma ya kile kichaka. Nikachuma konzi moja, nikapika, kisha nikakwaruza kadi ya simu nimpigie, nimweleze yote.

"Yameota tena," nikamwambia.

"Na safari hii umeyapika?"

"Nimeyapika. Yalikuwa machungu."

"Hukutia maziwa."

Tukacheka, lakini kidogo. Sauti ya kadi ikaingia kusema imebaki dakika moja. Dakika moja inatosha kabisa kusema nyumba si yetu. Nikamuuliza kama mvua imenyesha huko.

"Imenyesha, dada," akasema.