Mlango Uliokataa Kuvunjika

Fundi seremala wa idara ya maigizo ya chuo kikuu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kutengeneza kitu kibovu. Kabla chuo hakijamwajiri alikuwa amejenga nyumba za watu kwa miaka mingi, na jukwaani aliingia na mikono ileile. Wanafunzi walimwita Zege.

Msimu ule idara ilikuwa na tamthilia nne. Ya kwanza ilitaka meza. Zege akaunda meza ya mbao ngumu, miguu minene kama ya tembo. Ilitakiwa iondolewe jukwaani gizani kwa sekunde ishirini. Watazamaji wakakaa gizani dakika tatu nzima wakisikiliza waigizaji sita wakihema na kulaumiana. Ya pili ilitaka kiti cha enzi cha kupinduliwa na waasi. Waasi walisukuma mpaka jasho likawatoka, kiti hakikutikisika. Ikabidi mfalme ashuke kwa hiari yake, nao wakamshukuru.

Mkuu wa idara, mama mwembamba asiyependa maneno mengi, akamwita ofisini.

"Fundi, tamthilia ya tatu ina mlango. Baba anakuja kumwokoa binti yake aliyefungiwa ndani. Anaupiga teke, unaanguka. Teke moja."

"Mlango mzuri hauanguki kwa teke moja, Mwalimu."

"Ndiyo maana nataka mbaya." Akafunga faili lake. "Mkataba wako unaisha mwisho wa msimu. Mlango huo usipoanguka, nitatafuta fundi mwingine."

Nyumba aliyokaa Zege na mkewe ilikuwa ya chuo. Mkewe aliisikiliza habari hiyo huku akikunja nguo, hata hakuinua macho.

"Baba watoto, hivi kuharibu nako kunahitaji masomo?"

"Si kuharibu, ni kudanganya. Mtu anaona mlango, kumbe ni karatasi."

"Na wale wanaokufa pale jukwaani kila wiki, umeshazika wangapi? Wewe uangushe huo wa jukwaani, huu wetu ubaki."

Asubuhi Zege akarudi kazini. Tumpe haki yake, alijitahidi. Alichukua plaiwudi nyembamba, akaishikiza kwenye fremu yenye bawaba, inayofunguka kwa nje, kwa vijiti alivyovikata nusu ili vivunjike upesi. Upande wa ndani akaweka komeo dogo la mapambo. Kwenye mazoezi mwanafunzi mrefu aliyeigiza baba aligusa tu kwa kiatu, mlango ukalala chini. Mkuu wa idara akatabasamu, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona.

Siku ya onyesho, saa nane mchana, Zege alikuwa nyuma ya jukwaa akifagia vumbi la mbao. Wanafunzi wawili wakapita bila kumwona. Mmoja akausukuma mlango kwa kidole, ukayumba.

"Mlango gani huu? Mbu akikohoa unaanguka."

"Zege amezeeka, ndugu yangu. Mikono imeisha."

Wakacheka, wakaenda zao.

Mtu mnyoofu naye ana mahali pake pa kuteleza, na mara nyingi ni palepale anapojisifia. Zege alitoa bisibisi mfukoni. Parafujo moja tu, alijiambia, ya heshima. Lakini ile moja ilivuta mlango upande, ikabidi aweke ya pili chini yake. Sasa kushoto kukawa imara na kulia kumelegea, na kazi ya upande mmoja hajawahi kuifanya tangu azaliwe. Zikawa nne.

Onyesho lilianza saa kumi, ukumbi umejaa. Ndani ya chumba binti alilia vizuri sana. Baba akafika, akanguruma, "Mwanangu, nimekuja!" Akapiga teke. Mlango ukasema *du*, ukanyamaza. Akapiga tena. La tatu likamfanya ashike mguu. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka.

"Mlango huu," alisema baba kwa uchungu usiokuwa wa kuigiza, "umetengenezwa na watu wabaya."

Binti aliona hali imekuwa mbaya. Akaacha kulia, akafungua komeo kwa ndani, akachungulia. "Ingia tu, baba. Usijiumize."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na kilio kilichopangwa kwa mwisho wa tamthilia hakikupata nafasi tena.

Pazia liliposhuka, mkuu wa idara alikuja nyuma ya jukwaa. Yule mwanafunzi mrefu, akichechemea, akawahi kusema, "Mwalimu, nadhani ni rangi. Haikukauka, ikanata." Wenzake wote wakaitikia kwamba kweli, ni rangi.

Zege aliwatazama. Walikuwa wanamtolea nyumba yake mdomoni mwa mamba, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

"Si rangi," alisema. "Ni parafujo nne. Nimezikaza mimi leo mchana."

"Kwa nini?"

"Waliucheka mlango wangu."

Mkuu wa idara aliutazama mlango. "Jukwaani hutatengeneza tena kitu. Mlango wa kesho watautengeneza wanafunzi."

Zege akatoa penseli sikioni taratibu, kama anayerudisha funguo.

"Ila benchi za ukumbini," mama yule aliendelea, "tatu zimevunjika msimu huu watu wakiwa wamezikalia. Watazamaji hawaigizi, Fundi. Wanakaa kweli. Utaanza Jumatatu."

"Na mkataba?"

"Tutaandika mwingine."

Penseli ikarudi sikioni. "Benchi moja hukaa watu wangapi?"

"Wanne."

"Basi nitaziunda za kubeba watu kumi na wawili," alisema Zege, "ila wakae wanne."