Tuliweka breki za diski kwenye Land Cruiser ya Mzee hapa Juba, nusura tumzike dada yangu

Wakuu, salamu kutoka Juba.

Ninayoandika hapa sijasimuliwa na mtu. Nilikuwa ndani ya gari, na dada yangu ana kovu kidevuni mpaka leo, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi. Kiswahili changu ni cha Eldoret, ndiko tulikokulia kabla ya kurudi nyumbani, na hapa kimeshachanganyika na Kiarabu cha mtaani. Nikiteleza, nivumilieni.

Najua humu kuna wapenzi wa magari ya zamani. Nyinyi hasa ndio nawaandikia.

Mzee wetu ana Land Cruiser ya kale, ile fupi yenye sura ya boksi. Usukani mkubwa kama sinia, AC hakuna, na breki za drum kwenye magurudumu yote manne. Aliinunua tukiwa bado Kenya, na ndiyo iliyotuvusha mpaka kuja nyumbani, watoto na magodoro nyuma. Kwa hiyo ile siyo gari tu. Ukiifungia mlango kwa nguvu, Mzee anakuuliza kama imekukosea nini.

Kwa wasiojua: breki ya drum ni kama sufuria iliyofunikwa. Kinachobana kiko ndani. Maji yakiingia, yanakaa humo humo. Diski yenyewe iko wazi, padi zinaibana huku na huku, na maji yanafutika ukikanyaga tu.

Sasa Juba mvua ikinyesha, kila khor inajaa. Khor ndiyo yale makorongo ambayo wakati wa kiangazi unavuka bila hata kuyaona. Ukitoka ndani ya maji na drum, huna breki. Unaomba Mungu mita mia mbili hivi mpaka zikauke.

Mzee alikuwa na dawa yake. Alikuwa anapampu.

Unakanyaga mara mbili haraka haraka, pa-pa, halafu ya tatu ndiyo inashika. Alitufundisha hivyo mimi na kaka zangu, na kwa miaka yote hiyo mguu ukazoea kufanya wenyewe. Mimi hata gari mpya ya ofisini naipampu. Wenzangu wananicheka.

Hilo la kupampu lishikeni, maana ndilo lilitaka kutuua.

Dada yangu Kiden ndiye msichana pekee kwetu, alizaliwa baada yetu sisi wanaume. Ni mkunga kwenye zahanati ndogo huko Rejaf. Kuendesha alijifunzia kwa mwalimu pale Buluk, kwenye gari ndogo ya automatic. Land Cruiser hakuwahi kuigusa. Kila akiomba, Mzee alikuwa na jibu moja.

"Hiyo gari haina breki za kila mtu. Ina breki zangu."

Msimu wa mvua uliopita, mama mmoja alishikwa na uchungu huko Rejaf, mambo yakawa mabaya, na usafiri uliopatikana ukawa bodaboda. Kiden alikaa nyuma yake akimkumbatia njia nzima mpaka hospitali ya mjini. Mama alifika. Mtoto hakufika.

Kiden alirudi nyumbani na nguo zake vile vile zenye damu, akasimama mbele ya Mzee. Safari hii hakuomba. Alisema, "Baba, nataka gari."

Mzee aliziangalia zile nguo. Halafu akasema sawa, lakini mbele ziwekwe diski kwanza. Hawezi kumpa binti yake zile drum.

Kazi ikawa yangu. Nikaipeleka kwa fundi Opio, Mganda mmoja mwenye gereji Sherikat, karibu na daraja. Opio ni fundi kweli kweli, sitaki mtu aje hapa kumtukana. Vifaa tuliagiza Kampala, vimetolewa kwenye Land Cruiser ya miaka ya karibuni zaidi: diski mbili, habu zake, na kaliper mbili, yaani yale makucha ya chuma yanayoshika padi. Vilikuja kwenye gunia moja, vyote vimechanganyika, havina alama ya kushoto wala kulia.

Masta ya breki, ile inayosukuma mafuta kwenda magurudumuni, pia tulibadilisha. Nasema hili mapema kwa sababu najua kuna mjuaji atauliza. Ile ya drum hubakiza presha kidogo kwenye mipira, na padi zitabana diski muda wote mpaka zitoe moshi. Hapo hatukukosea.

Tulikosea pengine.

Siku ya kutoa hewa kwenye mafuta ya breki, maana ikibaki humo pedali inakuwa laini, nilikaa mimi kwenye pedali. Mnajua kazi yenyewe: mmoja ndani anapampu halafu anashikilia, mwingine chini anafungua ile nati ndogo ya kaliper, mafuta yanatoka na hewa. Tulirudia mpaka mafuta yakatoka masafi, hamna povu. Opio akafunga, akapanda, akazunguka na gari mara mbili pale nje.

"Boss, hii iko fiti. Hii gari sasa iko kama ya mwaka huu."

Nikaendesha mimi. Safi. Nikampelekea Mzee, akaenda mpaka Buluk na kurudi. Alishuka anatabasamu, akapiga boneti kofi kidogo. "Tamam," akasema. "Breki ni nzuri. Mpe dada yako."

Wanaume watatu tumeijaribu. Mna swali?

Jumapili baada ya ibada Kiden akashika usukani kwa mara ya kwanza. Mimi kiti cha mbele, Mzee nyuma, tunaelekea Rejaf akawaoneshe gari wenzake wa zahanati. Alikuwa anaendesha vizuri, nikiri tu. Vizuri kuliko mimi. Mzee alikuwa anamsifia kwa sauti ya chini, anafikiri hatumsikii.

Kulikuwa na kamteremko. Ng'ombe wakatokea vichakani upande wa kulia, kundi zima, wakaanza kuvuka. Bado tulikuwa na nafasi ya kutosha kusimama.

Kiden akakanyaga breki kama mwalimu alivyomfundisha. Mara moja, kwa nguvu, akashikilia.

Nikaona pedali inazama mpaka chini.

"Wani! Haishiki!" akaniita.

Breki za nyuma zilipunguza mwendo kidogo, basi. Mzee akaanza kupiga kelele nyuma, "Pampu! Pampu!" Na mimi nikapiga kelele hiyo hiyo. Kiden hakujua tunamwambia nini. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Ng'ombe wako mbele, mchungaji kijana kasimama katikati yao anatutazama. Dada yangu akakata usukani kushoto, tukaingia kwenye lundo la mchanga wa ujenzi ambalo lori lilimwaga pembeni.

Gari ikasimama. Kidevu chake kilikuwa kimegonga usukani, damu inachuruzika kwenye gauni la kanisani. Ng'ombe wakaendelea kuvuka polepole, hata hawakugeuka.

Sasa wakuu, hapa ndipo pananiuma kuandika.

Watu walijaa. Mmoja akasema si mnaona, mmempa mwanamke gari kubwa. Na mimi, badala ya kumtetea dada yangu aliyetuokoa sote, nikamgeukia mbele za watu nikamfokea: "Mbona hukupampu?"

Mzee alitoa ufunguo, akautia mfuko wa shati. "Kalas," akasema. Basi, imekwisha.

Nilimpeleka zahanati kwake Rejaf, na mwenzake akamshona nyuzi tatu. Nilikaa pale kwenye benchi. Alikuwa analia, na najua hakuwa analia kwa sababu ya sindano. Alipomaliza kushonwa akaniambia, taya limeshikana kwa maumivu:

"Wani, nikuulize kitu. Breki mpya nazo lazima uzipampu?"

Swali hilo nililala nalo.

Asubuhi yake nilifika gereji kabla Opio hajafungua. Gari ilikuwa imekokotwa mpaka pale. Nikakaa kwenye kiti nikajiambia, Wani, kanyaga mara moja tu. Mnaweza kuamini nilishindwa? Mguu ulipampu wenyewe. Nikatulia, nikajaribu tena, ukapampu tena. Ilibidi nishike goti kwa mikono miwili ndipo nikakanyaga mara moja, taratibu.

Ikaenda mpaka chini, laini kama inaingia kwenye uji.

Shida ya breki haikuanza jana. Ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na sisi watatu kila mmoja aliipampu bila kujua kwamba anapampu.

Opio alipofika nikamwonesha. Akatoa magurudumu ya mbele, akachuchumaa, akaangalia kushoto, akaenda kulia, akarudi kushoto. Akashika kichwa.

"Boss. Hii ya kushoto iko kulia. Hii ya kulia iko kushoto."

Kaliper zenyewe zinaingia upande wowote, boliti zinakubali bila shida. Lakini ukizibadilisha pande, ile nati ya kutolea hewa inaangalia chini badala ya juu. Chukua chupa ambayo haijajaa, itoboe chini: maji yatatoka masafi kabisa, na hewa itabaki juu imetulia. Ndivyo tulivyofanya. Tulishangilia mafuta masafi huku hewa imejificha juu ya vichwa vyetu. Ukikanyaga mara moja unaibana hewa tu; ukipampu, mafuta yanaongezeka mpaka breki inashika.

"Lakini wewe uliendesha," nikamwambia. Nilikuwa na hasira.

"Mimi nilipampu," akasema. "Mimi kila gari napampu. Lori ya Nimule, ile ya mpakani, kama wewe hapana pampu, wewe nakufa."

Hasira zikaisha pale pale. Ningemlaumu vipi, na mimi ni yule yule?

Tukazirudisha pande zake, tukatoa hewa upya. Safari hii ilitoka povu mpaka nikaona aibu. Halafu nikaenda kumwambia Mzee.

Nilimweleza yote. Hakuuliza swali la ufundi hata moja. Alisema tu, "Mimi ndiye niliyesema breki ni nzuri." Akarudia, "Mimi."

Akainuka, akaenda alipokaa Kiden anakunywa chai kwa mrija kwa sababu ya kile kidonda, akauweka ufunguo karibu na kikombe. "Malesh, binti yangu."

Tangu nizaliwe sijamsikia Mzee akimwomba mtoto wake samahani. Na mimi nikaomba yangu, ya kumfokea mbele za watu. Hiyo ilikuwa ngumu zaidi kuliko kubadilisha kaliper, nawaambia.

Kiden hakuugusa ufunguo. Alisema, "Nitaichukua, lakini naijaribu mimi. Nyinyi msiiguse kwanza."

Tukaenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya gereji. Opio alisimama mbali kabisa, karibu na ukuta, nikamwambia fundi unaogopa kazi yako mwenyewe? Mzee akakaa mbele, mimi nyuma. Kiden akashika usukani, na nilitamani kumwambia aache.

Akakimbiza gari. Akakanyaga mara moja.

Pua ya gari ikainama, tukasimama pale pale. Nilijigonga kwenye kiti cha mbele na sikujali.

Akarudia. Akarudia tena. Na kila alipokanyaga, nilisikia kitu chini: pa-pa. Nikachungulia. Ni kiatu cha Mzee, kinapampu sakafu ya gari. Nikatazama chini kwangu. Na wangu pia.

"Baba," Kiden akasema bila kugeuka, "pumzisha mguu."

Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akauvuta mguu, akaubana chini ya kiti.

Basi, wakuu. Ufundi mtakaouchukua hapa ni mdogo: ukiweka diski, nati ya kutolea hewa iangalie juu, na kama vifaa vimekuja kwenye gunia, tia alama kushoto na kulia kabla hujashika spana. Lakini kilichonikaa moyoni ni kingine. Sisi tulioishi na ubovu kwa miaka hatukuwa watu wa kuupima. Tulikuwa tumeshajifunza kuufunika. Aliyeugundua ni yule ambaye hakuuzoea, na tukamwambia hajui kuendesha.

Leo ukiingia kwenye gari yako, kanyaga mara moja tu, halafu uje hapa useme mguu wako umefanya nini. Na kama umewahi kumlaumu mtu kwa kosa ambalo lilikuwa lako, andika pia. Nasoma yote, hata ya wale watakaonicheka.

Gari sasa inalala Rejaf, zahanati. Juzi Kiden alimpakia mama mwingine, mvua imenyesha usiku kucha, khor ina maji ya magotini. Akavuka, akatoka upande wa pili, akakanyaga mara moja, ikashika, akaendelea mpaka hospitali.

Mama alifika. Mtoto naye alifika.