Ndama wa Tatu wa Jaku

Jaku wa Pandu alizeeka akifuata mikia ya ng'ombe wa watu. Tangu utotoni kazi yake ilikuwa kamba na kigingi, malishoni Kiembe Samaki, na mpaka anafika miaka hamsini na kitu hakuwa na ng'ombe wake hata mmoja. Na usinambie kwamba alikuwa mvivu. Mvivu hawezi kuhamisha ng'ombe wanne mara tatu kwa siku, kila mmoja na kigingi chake, na jua la utosini, halafu akapeleka maziwa Mjini kwa bwana.

Bwana mwenyewe ni Abrahman, kijana wa Mkunazini aliyerithi ng'ombe kwa baba yake na hajapata kukamua hata siku moja. Walipatana hivi, mbele ya mashahidi: kwa yule ng'ombe mwenye doa jeupe usoni, aitwaye Kidoti, ndama wa kwanza wa bwana, wa pili wa bwana, wa tatu wa Jaku. Wa kwanza akachukuliwa, wa pili akachukuliwa. Wa tatu aliingia tumboni mwaka ule ule kiwanja cha ndege kilipoongezwa na malisho yakabaki nusu.

Jaku akavaa kanzu, akenda Mjini.

"Bwana, pale hapatoshi tena. Nipe ruhusa niwahamishie maweni. Majani ya kule magumu, lakini yapo."

"Na maziwa yanifikie saa ngapi, yashaganda?" Abrahman akamjibu, wala hakumwambia akae. Wiki ya pili akamletea ng'ombe wengine watatu. Mtu gani yule, jamani.

Basi wakawa saba, na wa majirani juu yake, wote kwenye kipande kile. Kila ng'ombe akala duara lake kwa urefu wa kamba yake mpaka mchanga ukaonekana. Pahala pamoja tu palikuwa kijani: kibonde karibu na waya wa kiwanja cha ndege, maji ya mvua yakituama na machipukizi yakitoka kila siku, laini na matamu. Jaku akamfunga pale Kidoti, mama wa ndama wake. Na hakumhamisha, maana akimhamisha tu, jirani yake Machano atafunga wake. Mtu aliyehamisha vigingi maisha yake yote, hiki kimoja akakiacha. Kosa lake ni hilo, na alilifanya kwa mapenzi.

Kwani majani yale hayakufika nusu ya kidole. Ng'ombe hushika majani kwa ulimi, na ulimi hauna la kushika hapo. Kidoti akawa anang'ata chini kabisa, anang'oa na mizizi, na mizizi inakuja na mchanga wake. Akawa anakula kutwa na hashibi. Tumbo likajaa. Wapita njia wakamsifu, "Mashaallah, Jaku, ng'ombe wako kanenepa," na Jaku akacheka kwa kulisikia lile neno "wako".

Mkewe, Wanu, alikuwa akitia samadi kwenye matuta ya mihogo. Siku moja akaisugua baina ya vidole.

"Mume wangu, kinyesi cha Kidoti kina mchanga."

"Umekizoa na mchanga wa chini."

"Nimekikinga kwa jani la mgomba, kikianguka."

"Bi Wanu, mie ng'ombe nnawajua kabla sijakujua wewe."

Na kweli alikuwa akiwajua, ndiyo maana namkasirikia. Alishaona kwamba Kidoti hacheui tena mchana, analala tu akisaga meno. Akajitia hamnazo. Machano zamani kawaondoa wake, kawapeleka maweni, wanatafuna majani marefu makavu na kucheua kama bibi na tambuu yake. Hakuna aliyekuwa akikitaka kile kibonde. Jaku akasema ni hila ya Machano, akazidi kukilinda.

Asubuhi moja Kidoti akapiga magoti na hakuinuka. Abrahman akaitwa, akaja na viatu vyake vya kung'ara.

"Mchinjeni upesi, asije akafa tukakosa nyama."

Machano akamwelekeza kibla, akapiga bismillahi, akachinja. Alipopasua tumbo, ukamwagika mchanga mtupu, mbichi, karai mbili nzima. Kisha akatoa ndama, kashaota manyoya, na doa jeupe usoni. Alikuwa amekufa.

Abrahman akaugusa ule mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Umenilishia ng'ombe mchanga, Jaku."

Jaku akaanza kukunja kamba.

"Lakini mie si dhalimu. Tulipatana wa tatu wako. Basi mchukue." Mmoja kati ya waliosimama pale akacheka. "Na kamba ziache hapa hapa. Kesho anakuja mchungaji mwengine."

Jaku akamnyanyua ndama kwa mikono miwili, miguu yake mibichi ikining'inia, akampitisha mbele ya watu wote mpaka kwake. Wanu alikuwa kwenye matuta.

"Bi Wanu, nipe jembe."

"La nini?"

"Nshapata ng'ombe."

Wanu akamtazama yule ndama, na habari ya samadi hakuitaja. Akalishika jembe akachimba mwenyewe, na Jaku akabaki kasimama, kampakata ng'ombe wake, mpaka shimo likafika kiunoni.