Simbilisi wa Mama Furaha

Hadi leo nikisikia mluzi mwembamba, hata ukiwa wa birika linalochemka, miguu yangu hutaka kuinuka ikakate majani. Ndivyo walivyolia simbilisi wa Mama Furaha kila waliposikia mtu akiingia jikoni kwetu Mwandiga.

Mama Furaha alivuka ziwa kutoka Kongo, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishushwa ufukweni kila siku. Wenzake walikuja na magodoro na masufuria. Yeye alikuja na tenga, na ndani yake simbilisi watatu, dume mmoja na majike wawili. Mama alikutana naye kanisani, akampa chumba cha uani. Majirani walicheka: eti mgeni wetu kakimbia vita akaokoa panya.

Hawakuwa panya. Walikuwa wanene, hawana mkia, manyoya yao yakinukia majani makavu na moshi. Yeye aliwaita dende, nami nikiwa na miaka tisa akanifundisha kuwatunza. "Usimubebe shingoni, Neema. Mukono moja chini ya matako, mwingine kifuani." Majani yenye umande nisubiri yanyauke kwanza, la sivyo matumbo yao yangejaa gesi. Matembele waliyapenda kuliko chochote. Jike mweupe nilimpa jina, Pamba. Mama Furaha alinisikia nikimwita, akaendelea kuwatupia majani.

Kisha mdogo wangu Yona akaugua surua. Surua iliondoka ikamwacha na vidonda mdomoni, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu. Zahanati walisema apate nyama na samaki, lakini dagaa aliwatema wote. Mama Furaha alimbonyeza mguu, kidole kikaacha shimo.

"Furaha wangu alianza hivihivi," alisema. "Tukasema atapona mwenyewe. Kesho nachinja ule mweupe, tumupikie supu."

"Nimlishe mwanangu panya?" Mama aliuliza.

"Mulishe, Mama Neema."

Asubuhi, kabla kisu hakijanolewa, nilimbeba Pamba hadi nyuma ya michikichi, nikamtia kwenye debe la mawese lililokuwa tupu, nikafunika kwa kipande cha bati na jiwe juu. Nikaenda shule nikijiona shujaa. Niliporudi mchana jua lilikuwa limelikalia lile debe hata halishikiki. Pamba alikuwa amelala ubavu, meno yake nje.

Sikujua kuwa Mama Furaha alikuwa nyuma yangu. Alichungulia ndani, akaenda kuleta jembe. Tulimfukia pamoja, mnyama aliyekufa hivyo haliwi. Nilingoja anipige. Alijifuta mikono kwenye kitenge chake, akaenda jikoni, akamtoa jike wa pili, yule wa kahawia, aliyekuwa na mimba kubwa hata ulimwona mtoto akicheza tumboni.

"Yule mweupe alitoroka," alimwambia Mama, bila kunitazama.

Jioni Yona alikunywa supu vijiko vitano, akalia akitaka tena. Baada ya siku mbili Mama Furaha alimchinja na dume, maana peke yake hakuwa na kazi. Mama alipata moyo, akakopa kuku, akabadilishana mihogo na mayai. Uvimbe ukashuka polepole, mpaka siku moja Yona akasimama, akamkimbiza bata.

Mimi sikufurahi. Nilimwona Mama Furaha ana roho ngumu, amemchinja mwenye mimba wala hakutoa chozi. Ilipotoka amri kwamba wakimbizi wote waende kambini, alinisubiri karibu na lori ili aniage. Mama aliniita mpaka sauti ikamkauka. Nilikuwa chooni, nimeshikilia mlango kwa mikono miwili.

Nimekuja kuelewa nikiwa na watoto wangu. Wale watatu ndio waliokuwa shamba lake, mifugo yake, kila kitu cha kuanzia upya huko alikokuwa akienda. Angengoja wiki mbili tu, jike yule angezaa, na mbegu isingepotea. Alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Lakini kungoja alikuwa ameshakujaribu, kwa mtoto wake mwenyewe. Kwa wetu hakungoja hata siku moja. Nami, niliyeua mnyama ambaye angetosha, nilimwacha aondoke bila kwaheri wala asante.