Nani Anakula Stima ya Mama Atieno?

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwaka, akili zangu timamu na bisibisi mkononi. Mimi ni fundi wa stima hapa Kisumu, na fundi wa stima haoni mashetani. Anaona waya mbovu.

Mama Atieno, mjane anayeuza samaki Asembo Bay, alinipigia simu akilia. Tokeni za stima anazonunua zilikuwa zinamwishia kabla hata hajapumua. Alishaamua kwamba mwizi ni friza, na mnunuzi kutoka Kisian angekuja kulichukua kesho yake. Sasa niambie, muuza mbuta bila friza ataishi vipi? Samaki wakimlalia siku moja tu, wameoza. Nikamwambia, "Mama, usiuze kitu. Acha nipime kwanza."

Nilipofika alinitania kama kawaida yake: "Mluhya wangu mpenda kuku, leo kuku hakuna, utakula samaki upende usipende." Akaniachia nyumba, akaenda bichi kungoja mashua. Nina kipimo kidogo: unakichomeka kwenye soketi, unachomeka kifaa juu yake, nacho kinakuonyesha stima inayoliwa. Friza nililipima kwa muda mrefu. Masikini, halikuwa na hatia! Televisheni, redio, pasi, vyote vilikuwa na adabu zake. Ukivijumlisha, havikufika hata nusu ya kile mita ilichokuwa ikihesabu.

Nikateremsha swichi kubwa, nyumba nzima ikazimika, nikatoka kuitazama mita ukutani. Kitaa chake chekundu kikatulia. Halafu, niamini, kikaanza kupepesa mbio mbio.

Nikaingia jikoni. Mzee mmoja mrefu, amevaa sweta ya kijani iliyotoboka kiwikoni, alisimama mbele ya birika la stima, na birika lilikuwa linachemka. Nikadhani ni ndugu wa hapo nyumbani, kaipandisha swichi. Nikamwamkia, akaitikia. Birika likajizima. Akaligusa kwa kiganja, akangoja maji yapoe kidogo, akaliwasha tena. Na tena.

"Mzee," nikasema, "kuchemsha mara moja si kitu. Lakini ukirudia hivi jioni nzima, hili birika litamaliza tokeni zote za Mama."

"Najua, fundi," akasema kwa upole. "Lakini yeye hapendi chai ya vuguvugu, na siku hizi anachelewa sana kurudi."

Nikaenda kuiangalia swichi. Ilikuwa chini, vilevile nilivyoiacha. Niliporudi jikoni hapakuwa na mtu, birika tu likitoa mvuke. Nilitoka mbio nikaketi nje kutafuta pumzi, kisha nikaona nimeketi kando ya kaburi la mume wa Mama Atieno. Nikasimama upesi!

Mama Atieno alirudi giza likiingia. Nilimsimulia yote, nikitegemea apige mayowe. Akatua beseni lake polepole.

"Sweta ya kijani?"

"Ndiyo, Mama."

"Imetoboka hapa?" Akagusa kiwiko.

"Hapo hapo."

Akaniambia kwamba tangu waoane, yeye hulijaza birika maji asubuhi kabla ya kwenda bichi, na mumewe humchemshia jioni akirudi. Hata baada ya kumzika, hakuacha kulijaza, mkono ulishazoea. Na kila akirudi alikuta maji ya moto, akadhani ni wema wa jirani.

"Mimi nachelewa makusudi, nyathina, mwanangu," akasema. "Naogopa nyumba tupu." Kisha akalia, nami nikalia naye, wala sioni aibu kusema. "Na wewe ndiye amekuonyesha uso! Mimi je?"

Friza halikuuzwa. Siku hizi Mama Atieno anarudi mapema, jua bado liko juu ya ziwa, na birika linachemka mara moja tu. Tokeni zinamkalia vizuri. Nikipita hunimiminia chai, nami nakunywa bila kuuliza nani kachemsha. Mimi pia nimebadilika. Mke wangu yu hai, na jioni hunipati tena mjini nikipiga porojo.

Kwa hiyo wewe unayelia na tokeni, pima vyombo vyako vyote, sikukatazi. Lakini kabla hujamwita mnunuzi wa friza, jaribu kurudi nyumbani mapema. Pengine kuna mtu anakupashia maji, yanapoa, anapasha tena.